Jina la Pili la Neema

Jumatatu, 3 Machi

Mtandao umekatika mara nne kabla ya saa sita. Picha za pasipoti kumi na moja. Shuka jeupe la ukutani limeanza kuwa rangi ya chai, lazima nilifue. Moshi wa jenereta la jirani unaingia mpaka kwenye printa.

Saa nane ameingia Papa Ezekieli, mwalimu mstaafu, na binti yake Neema wa miaka tisa. Mtoto ana tundu kwenye moyo. Anatembea hatua kumi, anachuchumaa, anapumzika, anainuka. Midomo ya bluu. Hospitali ya India imempa nafasi. Daktari anayepasua watoto yuko hapo hadi tarehe 10 Aprili, kisha anaondoka. Kanisa limechanga, ndugu wamechanga. Fomu ya viza iko kwenye mtandao, yote kwa Kiingereza. Ndiyo maana watu wanakuja kwangu.

Ya baba imekwenda vizuri. Majina yake ni ya Biblia na ya Kiswahili, huwezi kumtambua ni wa wapi. Kisha nikafungua pasipoti ya mtoto. Bahati, halafu jina la pili, halafu Neema. Hilo la pili amerithi kwa bibi yake. Ni jina la upande ule. Ukilisikia hapa Ituri, unajua mwenyewe ametoka milima ipi. Upande ule ndio waliochoma kijiji chetu kule Djugu na kumuua kaka yangu Samueli.

Sitaliandika humu daftarini. Nimemtazama mzee. Ana macho ya upole. Nimeuchukia upole wake.

Nimejaza, nimetuma. Saa kumi nimefunga.

Ijumaa, 7 Machi

Viza zote mbili zimetoka. Mashine za huko hazikuona kitu. Nimekata tiketi kufuata majina ya viza: hapa Bunia, Entebbe, na kuendelea. Nimemsomea Papa Ezekieli masharti ya kampuni. Mzigo ukizidi, unalipa. Tarehe ikibadilika, unalipa. Jina likikosewa, unalipa zaidi. Amecheka kidogo, akasema ndege ni kama mahari, haimaliziki.

Safari ni tarehe 19. Neema alikuwa amechuchumaa mlangoni anahesabu pikipiki. Kafika themanini na mbili.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani tumeombea barabara ya kaskazini. Wanasema gari limesimamishwa tena huko, abiria wakaulizwa majina.

Niandike jambo ambalo kila mwenye ofisi kama yangu anajua. Dereva anayepanda kaskazini anatuletea orodha ya abiria tuipige chapa. Jina la pili hatuliandiki. Hakuna aliyetufundisha. Orodha ikiangukia mikononi mwa wenye bunduki, jina la pili ndilo hukumu. Kwa hiyo tunaandika Bahati Neema, Imani Josefu, basi. Watu wenyewe wanalimeza wanapojitaja. Nami nimelimeza langu. Kibao changu kinasema Mama Bea. Kwenye kodi natumia jina la mume wangu, mtu wa Kisangani, ambaye lori lake linaishi njiani huko Nia-Nia zaidi kuliko linavyoishi hapa.

Sijui kwa nini naandika haya leo. Najua.

Jumatano, 19 Machi

Wamerudi.

Saa tano asubuhi wako mlangoni na sanduku lao, mtoto amevaa koti la sufu aliloazimwa, jasho linamtoka. Uwanjani baba amepita. Mtoto amekataliwa. Pasipoti ina majina matatu, viza ina mawili, tiketi ina mawili. Afisa amesema kwenye karatasi hizi huyu ni mtoto mwingine. Ndege imeondoka.

Nimesimama nikasubiri anitukane. Nilikuwa tayari. Nilikuwa nimeandaa hata jibu, kwamba mtandao ulikuwa unakatika.

Papa Ezekieli amevua kofia. "Mama Bea, unisamehe. Ni kosa yangu. Siku hizi tulishazoea kuficha ile jina. Nilipashwa kukukumbusha."

Ameniomba msamaha. Yeye. Mimi.

Nimesema, "Haiko kitu, Papa. Tutaangalia." Ndivyo nilivyosema. Haiko kitu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimewapigia chapa wanafunzi wawili kazi zao, nimekosea ukurasa mzima. Nimerudia bure.

Ukweli ni huu. Mkono wangu umezoea kuruka jina la pili, ndiyo. Lakini kwenye orodha za barabara, si kwenye fomu za viza. Fomu za viza nimejaza miaka sita. Nakopi pasipoti herufi kwa herufi, nasoma kwa sauti, namgeuzia mwenyewe kioo cha kompyuta ahakikishe. Siku ile sikusoma kwa sauti. Sikumgeuzia kioo. Kidole kilifika kwenye jina lile kikasimama. Nikajiambia, kwenye kompyuta yangu halipiti. Nilijua. Labda sikujua litamrudisha kutoka uwanjani. Lakini nilijua si sawa, na nilisikia raha kidogo.

Raha. Nimeandika neno hilo na sasa siwezi kulitazama. Samueli ameuawa na wanaume wenye mapanga, na mimi nimemlipizia kwa mtoto asiyeweza kuvuka barabara bila kuchuchumaa.

Nina aibu mpaka kwenye meno.

Jumamosi, 22 Machi

Nimetuma fomu mpya ya Neema. Safari hii majina yote matatu. Nimelipia mwenyewe. Mzee nimemwambia viza ya pili haitozwi. Uongo wa kwanza.

Kisha nimekwenda kwenye ofisi ya kampuni ya ndege, karibu na soko. Wakala wao ni kijana mpole mwenye tai. Kasema tiketi ya zamani inaweza kuokolewa kwa njia moja tu. Aliyeikata alete barua, akiri kwamba kosa ni lake, aeleze lilitokeaje, aweke jina lake kamili kama lilivyo kwenye kadi ya uchaguzi, atie sahihi. Hapo kampuni inarekebisha jina na tarehe kwa ada ndogo. Kama kosa ni la msafiri, tiketi imekufa. Anunue nyingine.

Jina kamili. Yaani na la pili. Papa Ezekieli atasoma barua kabla haijapelekwa, kwa sababu yeye husoma kila kitu, ni mwalimu. Ataona nilichofanya. Na akiona mimi ni nani, ataona pia kwa nini.

Nimerudi ofisini. Nimemwambia mzee kwamba wakala hakuwepo. Uongo wa pili.

Jumanne, 25 Machi

Mizinga upande wa kaskazini tangu asubuhi, mbali, kama mtu anayeburuta meza. Wakimbizi wanaingia mjini na magodoro kichwani. Nimefanya fotokopi za kadi mpaka wino ukaisha.

Saa sita Neema na baba yake wameniletea kuku. Jike, mweusi, mguu umefungwa kamba ya nailoni. Mtoto ndiye aliyemlea. "Ni ya kukushukuru, Mama Bea, juu unatusumbukia." Amesema hivyo kisha akachuchumaa hapohapo, akashika mguu wa meza. Nilihesabu. Dakika nne kabla hajainuka. Wiki tatu zilizopita ilikuwa moja.

Nimepokea kuku. Ningefanyaje? Nimemfungua kamba, yuko chini ya meza ya printa ananitazama kwa jicho moja. Siwezi kumchinja. Siwezi hata kumtazama.

Alhamisi, 27 Machi

Viza mpya imetoka. Imebaki barua.

Leo nimefanya jambo baya kuliko la kwanza. Nimeandika barua kwa jina la Papa Ezekieli. Kwamba yeye, mzazi, alitoa jina pungufu. Nimemwekea mbele, nikasema kampuni inataka hivi, huenda watamhurumia. Amesoma yote, polepole, kidole chini ya mstari. Amenisahihishia hata nukta moja. Kisha ametia sahihi na kunishukuru.

Kikulacho ki nguoni mwako. Na kikulacho hicho ni mimi.

Ijumaa, 28 Machi

Kampuni imekataa, kama nilivyojua itakataa. Kosa la msafiri, tiketi mpya. Papa Ezekieli amesikiliza, akasema, "Basi, tutaona," akaenda.

Mchana mvua kubwa. Nilikuwa napeleka karatasi kwa mteja, nikapita karibu na kwao. Nyumba yao haina paa. Mabati yameshushwa, yamefungwa kwa kamba juu ya toroli, mnunuzi anagonga moja moja kwa kifundo kusikia kama limeoza. Ndani mtoto ameketi juu ya sanduku la safari, amefunikwa turubai. Koti la sufu limetundikwa kwenye msumari ndani ya mfuko wa plastiki ili lisilowe.

Mzee ameniona. Ameinua mkono kunisalimia.

Nimekwenda kwenye toroli. Nimemwambia mnunuzi arudi kesho kutwa, leo hakuna cha kuuza. Mzee ameshangaa. Nimemwambia, "Papa, unipe mpaka kesho asubuhi." Sikuweza kusema zaidi pale, mbele ya mtoto. Au nisidanganye: sikuthubutu.

Jumamosi, 29 Machi

Nimefika ofisini kabla ya majirani. Nimechana kopi ya barua ya juzi. Nimeandika nyingine. Mistari saba. Kwamba mimi ndiye niliyejaza fomu na kukata tiketi. Kwamba pasipoti ilikuwa wazi mbele yangu. Kwamba nililiona jina la pili na sikuliandika, kwa makusudi. Kwamba msafiri na mzazi wake hawana kosa. Chini yake majina yangu matatu kama yalivyo kwenye kadi. La kati sikuwa nimelipiga chapa tangu nihamie mtaa huu wa Ngezi. Nilikosea herufi moja ya jina langu mwenyewe, nikarudia.

Papa Ezekieli amekuja peke yake. Amevaa miwani. Amesoma kwa kidole. Kidole kimefika kwenye "kwa makusudi" kikasimama. Kimeshuka kwenye jina langu, kikasimama tena, muda mrefu. Kuku alikuwa anakwaruza sakafu.

Nilitaka kumwambia habari za Samueli. Nikaacha. Angedhani namdai kitu. Na kwake pia wapo waliokufa, upande wetu unajua wazi nani aliwaua.

Hakupaza sauti. Kofia hakuivua. Amevuta kiti, akakaa upande wangu wa meza, upande ambao mteja hakai, macho kwenye kioo.

"Andika jina ya mutoto. Yote tatu. Hapa, mbele yangu."

Fomu ilikuwa imekwishatumwa, viza imetoka, hapakuwa na kitu cha kujaza. Nimefungua ukurasa mtupu. Nimeandika. Nimelisoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Amesema, "Tena." Nimesoma tena. Kisha akakunja barua, akaitia mfukoni, akaweka mezani faranga za ukurasa mmoja wa chapa. Nimesema hapana, Papa, tafadhali. Amezisukuma mpaka zikagusa mkono wangu. Hataki deni langu wala zawadi yangu.

Nimemwomba basi amchukue kuku.

"Kuku haiko yangu, Mama. Iko ya mutoto. Ataikuta."

Ameondoka. Nimelia kama mtu aliyefiwa, na wateja wawili wananitazama.

Jumatano, 2 Aprili

Wameondoka. Si mzee aliyeniambia. Nimeulizia kwa wakala mwenye tai. Amesema barua ilitosha, jina limerekebishwa, wamepanda ndege ya asubuhi, Entebbe wamepita. Kisha ameinamisha macho kwenye karatasi zake. Ameisoma, bila shaka. Mjini hapa habari haihitaji gari.

Nimetembea kurudi kwa miguu. Nimepita kwao. Paa lipo.

Jumapili, 6 Aprili

Hakuna habari ya upasuaji. Sina haki ya kuuliza.

Baada ya misa nimefua shuka la ukutani, limerudi kuwa jeupe, karibu. Nimefagia ofisi. Chini ya skana nimekuta picha mbili za Neema. Tunapiga nne, fomu inataka mbili, hizi nyingine watu huzisahau. Ametazama mbele kama walivyomwagiza, hacheki, sikio moja limeinuka kuliko jingine. Sikuwahi kuliona sikio hilo.

Nimegeuza picha, nimeandika nyuma kwa kalamu: Bahati Ndjango Neema. Zote mbili. Kisha nimezibandika hapa kwenye ukurasa, na wino umepenya kidogo.

Kuku ameacha kunikimbia. Leo amelia asubuhi nzima, nadhani ametaga mahali fulani kati ya maboksi ya karatasi. Naenda kutafuta yai.