Picha ya Tatu

9 Februari 1997

Mdogo wangu,

Marahaba, na pole kwa kumuuguza Mama. Mimi mzima, ukiacha goti, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko redio.

Kifurushi kitakachokufikia kabla au baada ya barua hii usikitupe. Ndani kuna boksi jeusi lenye jicho moja mbele. Ni kamera, na ni kuukuu kuliko wewe na mimi. Tuko wanane tunaoimiliki kwa pamoja, kila mtu na nchi yake, na hatujawahi kuonana uso kwa uso. Tunajuana kwa barua tu: yupo fundi saa, yupo mwalimu wa hesabu aliyestaafu, yupo daktari wa meno, na wengine. Filamu moja inatoa picha nane. Kila mmoja anapiga moja, anamtumia mwenzake kwa posta, na hakuna ruhusa ya kufungua mgongo wa kamera mpaka ya nane ipigwe. Wa nane ni mimi. Nitaisafisha filamu mwenyewe bafuni kwangu na kuwachapia wote. Sheria hizo niliziandika mimi.

Mwenzetu mmoja amefariki, nami nimeomba nafasi yake upewe wewe. Wamekubali. Yako ni picha ya tatu.

Nataka Mama. Mama peke yake, ndani, karibu na dirisha, maana umesema mwanga wa nje unamuumiza macho. Iweke kamera juu ya meza, isishikwe mkononi. Vuta kile kibati kidogo cha juu, kisha fyatua: jicho litafunguka na kubaki wazi. Hesabu polepole hadi tano, fyatua tena. Katika hesabu hiyo mtu asitikisike hata kope. Anayetikisika kamera hii haimwoni.

Unajua karatasi zangu haziniruhusu kuvuka mpaka kurudi. Unajua pia Mama hajakanyaga studio tangu niondoke. Sina sura yake, mdogo wangu. Niliyonayo ni ya kichwani, na kichwa nacho kinazeeka.

Kaka yako

*

2 Mei 1997

Shikamoo Kaka,

Huku tunashukuru Mungu, tunakula na kulala. Mama anakusalimu. Anauliza kama bado unatafuna upande mmoja.

Boksi lako lilifika. Karani wa posta alilitikisa akaniuliza kama ni mtego wa panya. Fundi cherehani wa jirani yetu, unayemsikia kwenye barua zangu kila siku, alilizunguka kama mnunuzi wa mbuzi, halafu akasema, "Bibi we, hiki ni kisanduku cha viatu kilichotobolewa. Kaka yako kapigwa na baridi huko." Nikamwambia kapigwa na mengi, baridi ni la mwisho.

Basi tumepiga. Fundi ndiye aliyefyatua, maana mikono yake imezoea kazi ya utulivu. Nilimvalisha Mama kile kitambaa cheupe. Alikataa kiti chenye mito, akasema hajafa bado. Nilisoma maagizo yako mara nyingi mpaka Mama akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni picha au ni upasuaji?"

Kamera nimeshamtumia mwalimu wako wa hesabu. Posta ya huko kwake wanasema ni ya mwendo wa kinyonga.

Mdogo wako

*

20 Juni 1997

Shikamoo Kaka,

Nimepiga ile namba uliyotupa, haipokelewi. Kwa hiyo naandika.

Mama ametutoka. Alikunywa chai, akaomba ageuzwe upande wa ukutani, nilipokuja kuchukua kikombe alikuwa ameshakwenda. Tumemzika kesho yake. Watu walikuwa wengi. Fundi alishona sanda bila kuruhusu mtu amsaidie.

Ombi langu ni moja. Waambie wenzako wakutumie hiyo filamu sasa hivi, ilivyo. Yuko humo ndani.

Mdogo wako

*

30 Julai 1997

Mdogo wangu,

Marahaba. Mungu amlaze pema Bi Mkubwa. Poleni ninyi mliomshika, maana mimi sikushika kitu.

Barua yako ilinikuta natoka kazini. Niliisoma nimesimama kwenye ngazi. Halafu nikapika, nikala, nikaosha sahani. Asubuhi nilikwenda kiwandani, nikajalidi vitabu kama kawaida. Gundi ilishika, kurasa zilikaa sawa. Msimamizi alinisifu. Nangoja kulia kama mtu anayengoja gari mahali ambapo kituo kilishahamishwa.

Kuhusu filamu: kamera iko kwa daktari wa meno. Bado watu wawili baada yake, kisha mimi. Picha zilizomo si ya Mama tu. Fundi saa alimpiga picha mjukuu wake siku aliyotoka hospitali. Kila mmoja ana mtu wake humo, na kila mmoja anangoja. Siwezi kuwavunjia sheria niliyowaandikia mwenyewe.

Kaka yako

*

3 Septemba 1997

Kaka,

Shikamoo. Wewe na sheria zako. Baba alikuwa akisema ungeweza kuzama huku unamsahihisha anayekurushia kamba.

Sina la kuongeza.

Mdogo wako

*

18 Januari 1998

Mdogo wangu,

Marahaba, hata kama hujaniamkia tangu Septemba. Natumaini u mzima. Theluji imefika dirishani, goti nalo limeshatangaza.

Kamera ilifika. Ya nane nilipiga ngazi za nyumba hii, haraka, bila kuchagua. Nikaziba mlango wa bafu kwa blanketi, nikasafisha.

Mama ametoka. Mdogo wangu, ametoka safi kuliko wote. Ameketi wima karibu na dirisha, kitambaa kichwani, kidevu juu, macho yameikazia lenzi kama anayedai jibu. Hajabadilika. Nilidhani nitakuta kikongwe, nikakuta yuleyule niliyemwacha mlangoni, labda mashavu tu ndiyo yamepungua kidogo. Nilimtambua tangu filamu ingali na maji, weusi ukiwa weupe na weupe weusi.

Kushoto kwake kuna wingu jeupe, dosari; nadhani mwanga ulipenya mahali. Nimelikata wakati wa kuchapa, ili abaki peke yake kama nilivyotaka. Wenzangu wote nimewatumia nakala, nyuma nimeandika "Mama yangu". Daktari wa meno amejibu kwamba uso huo ungemtosha mtu kuishi nao. Yako hii hapa.

Kaka yako

*

27 Februari 1998

Shikamoo Kaka,

Nimekaa na picha yako mezani, nikijiuliza ninyamaze au niseme. Nilimpelekea fundi. Akavaa miwani, akaitazama, akasema, "Mwambie. Ukimshonea mtu nguo kwa kipimo cha mwingine, siku moja ataivaa tu, na itambana."

Kaka, huyo ni mimi.

Mama hakuweza kukaa bila kushikwa. Miguu ilikuwa imekwisha, na mgongo. Uliagiza awe peke yake, nami sikutaka kukuandikia kwamba hawezi, kwa hiyo niliketi ubavuni pake, nami na kitambaa changu kichwani, nikamshikilia. Mimi nilijikaza ulivyofundisha, sikupepesa. Yeye alikuwa ametulia vizuri. Fundi alipoanza kuhesabu, Mama akauliza, "Hii picha ni ya nani?" Nikamjibu bila kufungua mdomo, "Ya kaka." Akageuka kutazama mlangoni. Alidhani nimesema umekuja.

Wingu ulilolikata ndiye yeye.

Usijilaumu. Umri nilio nao sasa ndio aliokuwa nao yeye ulipoondoka. Mimi uliniacha na meno ya mbele hayajakaa sawa.

Mdogo wako

*

12 Aprili 1998

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Nimeichapa upya, nzima, bila kukata. Nimeichapa kubwa kadiri karatasi ilivyoruhusu. Kitambaa kinaonekana upande mmoja, na bega. Uso haupo, upo mwendo wake tu, kutoka kwenye lenzi kwenda mlangoni.

Nimewaandikia wenzangu kwamba nilikosea. Mwalimu wa hesabu amejibu kwa upole kuwa ile ya kwanza ilikuwa bora zaidi kiufundi. Ni kweli.

Zote mbili ziko ukutani, juu ya meza ninayolia chakula. Kuna jambo moja nikuambie, ulicheke ukitaka. Tangu Januari kila nikiamka nilikuwa naiambia ile ya kwanza shikamoo. Sasa najua ni wewe, mdogo wangu, ambaye ndiye wa kuniamkia mimi. Lakini ulimi umeshazoea. Leo asubuhi nimesema tena, nikasimama pale na sufuria mkononi, nikangoja kidogo, kisha nikaweka maji ya chai.

Kaka yako