Haikuwa Mimba, Ilikuwa Dawa

Jumamosi, Butimba. Mvua imelipiga bati la dada tangu saa sita mchana kama ina ugomvi nalo, na sasa yamebaki manyunyu. Ubavu wa kushoto bado unauma nikicheka. Sijacheka sana siku hizi, kwa hiyo si tatizo.

Ni muda sijaandika hapa. Wawili watatu mmeniuliza kwenye maoni kama nipo.

Nipo.

Leo nataka kuandika jambo lote tangu mwanzo, kwa sababu saa tisa alasiri mume wangu alikuwa amekaa kwenye kiti hiki ninachokalia. Ameondoka.

Nianze na kidonge.

Mwaka jana nilimzika mwanangu wa kike akiwa na siku kumi na tisa. Baada ya hapo niliacha kushona. Vitambaa vya wateja vilikaa kwenye mifuko mpaka wenyewe wakaja kuvichukua. Nilikuwa naenda kukaa juu ya mawe ya ziwani, naangalia maji kwa muda mrefu kuliko mtu anayeangalia maji tu. Siku moja nilijikuta nimepanga foleni ya kliniki ya watoto, mikono mitupu. Nesi aliniuliza mtoto yuko wapi. Akanishika mkono, akanipeleka mlango mwingine, na huko daktari akaniambia ninachoumwa kinaitwa sonona na kina dawa. Kidonge kimoja kwa siku.

Sikumwambia mtu.

Nyumbani kwetu Igoma niliishi na wifi yangu Sabina, mdogo wake mume wangu. Mume wangu, Petro, yuko machimboni huko Geita, anakaa miezi bila kurudi. Sabina si mtu mbaya. Lakini niliwahi kumsikia akimsema jirani mmoja, "Yule anakunywa dawa za vichaa," na tangu hapo nilijua vidonge vyangu vitakaa kwenye droo ya cherehani, chini ya vifungo.

Daktari alikuwa ameniambia nimeze baada ya kula. Nilimsikia. Lakini kula kunafanyika sebuleni, mbele ya Sabina. Kwa hiyo nilimeza alfajiri kabla hajaamka, tumbo tupu, nikisukuma na chai ya rangi kali iliyolala kwenye chupa.

Tumbo lilinishambulia. Sina neno jingine. Kichefuchefu kilikuwa kinapanda kutoka chini kama mtu anayenikaba kwa ndani. Natapika mpaka kinatoka kimaji cha njano kichungu, halafu natapika hewa. Na kuharisha juu yake. Kushona nilikuwa nimeanza tena, na siku moja nilimwacha mteja amesimama katikati ya chumba na gauni nusu, nikakimbilia chooni na pini bado mdomoni. Harufu ya dagaa wakikaangwa ilitosha kunitoa nje. Nililamba limau. Nilitafuna tangawizi mbichi.

Sabina aliona yote hayo.

"Wifi, umeanza kuchagua chakula?" aliniuliza jioni moja.

"Tumbo tu."

Lakini niliviona vidole vyake juu ya goti, vinahesabu miezi.

Alhamisi iliyofuata, saa nne asubuhi, nilikuwa napiga pasi sketi za shule. Pasi yangu ni ya mkaa, ile nzito ya chuma, maana umeme wa pale hauaminiki. Nikasikia bodaboda inasimama nje, kisha Petro akaingia na begi begani. Nilifurahi. Hili naliandika makusudi. Kwa sekunde mbili nilifurahi kumwona.

"Ni ya nani?" aliniuliza.

"Nini?"

"Hiyo iliyo tumboni. Miezi minne sijakanyaga hapa. Ni ya nani?"

Kofi lilinipata sikioni nikaenda kugonga cherehani. Akanishika nywele, akanivuta, akaniangusha sakafuni. Teke la kwanza lilinipata ubavuni na nikasikia kitu kinalia ndani, kama kijiti kikavu. Nikajikunja. Alipoona nimejikunja, akazunguka upande wa pili ili alipate tumbo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Hakuwa ananipiga mimi. Alikuwa anampiga mtoto ambaye hayupo.

Nikatapika, pale pale sakafuni.

"Sabina, si unaona?" alimpigia kelele dada yake aliyekuwa amesimama mlangoni. "Si unaona mwenyewe?"

Akaanza kuvua mkanda. Nilishika mguu wa meza nikajivuta juu. Pasi ilikuwa hapo, imejaa mkaa. Nikampiga nayo. Ilimpata kwenye bega, mfuniko ukafunguka, mkaa ukammwagikia shingoni na ndani ya shati. Shati lilikuwa la nailoni, likashikana na ngozi. Sijawahi kusikia mwanaume mzima akilia vile. Alipiga magoti, anajikung'uta, anajikwangua. Na mimi, ambaye wengi wenu mnadhani ni mtu wa maneno ya upole, nikainyanyua pasi mara ya pili, juu ya kichwa chake.

Nilitaka.

Sabina alining'inia mkononi mwangu kwa uzito wake wote. "Wifi, utaua! Wifi, niangalie, utaua!"

Niliiachia. Nikaenda kwenye droo, nikamwaga vifungo vyote chini, nikachukua vidonge nikamrushia usoni.

"Mimba ndiyo hii! Hizi ndizo zinanitapisha! Tangu tumzike mtoto sijawa mtu, nakunywa hizi nisijiue!"

Petro aliokota pakiti moja. Shingo yake ilikuwa inatoka malengelenge nikiangalia. Akasema taratibu, "Kwa hiyo ulikuwa kichaa na hukuniambia."

Mafundi wa karakana ya jirani waliingia wakatutenganisha, ingawa wakati huo hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumgusa mwenzake. Yeye walimmwagia maji, wakampeleka hospitali. Mimi Sabina ndiye aliyenipeleka, kwanza polisi kuandikisha maelezo na kuchukua fomu ya matibabu, kisha hospitali. Mbavu mbili zilikuwa na ufa. Walipima mkojo pia. Nesi alitoka na jibu akalisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja saa, "Mimba hakuna." Sabina aliketi chini kwenye sakafu ya korido, akafunika uso kwa khanga.

Jioni hiyo dada yangu Koku alikuja kunichukua, akanileta huku Butimba. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, mkubwa kwangu, hapendi maneno mengi.

Sasa nakuja kwenye sehemu ninayoionea aibu.

Niliviacha vidonge. Siku ile ile, kwa hasira tu. Nilijiambia ndivyo vilivyonifikisha pale. Kutapika kulipungua kweli, lakini siku ya tatu kichwa kilianza kupigwa shoti. Nikigeuza macho, dunia inachelewa kunifuata. Usingizi ukaisha. Na hasira, jamani. Kila kitu nilitaka kukivunja. Nilikuwa nakaa kitandani nikirudia lile teke, lakini kwenye mawazo yangu naamka mapema zaidi, na Sabina hayupo, na pasi inashuka.

Siku ya sita mchana Koku aliniletea sahani ya ndizi. "Kula kidogo, mdogo wangu."

Niliitupa ukutani. Kipande kimoja kilirudi kikamchana juu ya jicho.

Hakupiga kelele. Alifuta damu kwa mkono, akaiangalia, akanitazama. "Sasa umempiga mtu asiyekupiga," alisema. "Vaa viatu twende hospitali."

Nilivaa viatu.

Kuna wasomaji wanaomeza vidonge kama vyangu na wanateseka kimya, kwa hiyo naandika nilichoambiwa. Mimi ni fundi cherehani, si mtaalamu. Muulizeni daktari wenu.

Daktari hakunigombeza. Aliniuliza nameza saa ngapi na nimekula nini. Nilipomwambia alfajiri na chai ya rangi, alifumba macho kidogo. Alisema tumbo lina mambo yake na dawa hii, hasa wiki za mwanzo, na kwa watu wengi hutulia lenyewe likizoea. Ila mimi nilikuwa nalichokoza kila siku. Akanirudisha kwenye dozi ndogo, nusu ya ile ya kwanza, akasema tutaipandisha yeye akiona tumbo limekubali. Nimeze katikati ya chakula cha jioni, si kabla. Nile kidogo kidogo mara nyingi, si sahani kubwa mara moja. Uji, ndizi za kuchemsha, wali mweupe, samaki wa kuchemsha badala ya kukaanga, pilipili na chai kali niviache kwanza. Maji ninywe kwa kuonja, hasa nikiharisha. Tangawizi hakuikataa, ila ichemshwe, nisitafune mbichi kwenye tumbo tupu.

Halafu akauliza namaliza vipi maumivu ya mbavu. Nikamtajia vidonge nilivyonunua duka la dawa. Akavikataza palepale. Alisema hivyo na hiki changu pamoja vinaweza kuchubua tumbo mpaka litoe damu, akaniandikia vingine. Nikiona damu kwenye matapishi, au choo cheusi kama lami, nisisubiri kesho.

"Na kuacha ghafla?" aliuliza Koku, plasta juu ya jicho lake.

"Asirudie," alisema daktari. "Akitaka kuacha, aje tuache pamoja."

Jioni ile Koku aliweka kidonge kando ya sahani yangu, mezani, wazi. Shemeji, mume wa Koku, alikuwepo. Niliona jasho linanitoka. Nilikula matonge matatu, nikameza, nikaendelea kula.

"Hicho ni cha nini?" aliuliza shemeji.

"Cha sonona, shemeji."

"Aa," alisema. "Hebu nisogezee mboga."

Sikuamini kama ni hivyo tu. Nilikuwa nimetapika wiki nzima nzima kwa kulikwepa neno lililomalizwa na bakuli la mchicha.

Usiku nilijisikia vibaya kiasi, lakini kidonge kilikaa. Kesho yake asubuhi sikutapika. Siku ya tano kuharisha kulikoma. Jumatano iliyopita nilikula sato wa kuchemsha mzima, nikanyonya mpaka kichwa. Hasira haijaisha, ila imekaa chini. Inanitazama tu.

Leo sasa.

Petro alikuja na baba yake mdogo kutoka Misungwi, mzee mstaarabu, kofia mkononi. Nikamwamkia, akaitikia. Shingo ya Petro imepona vibaya, nyama ni nyekundu na inang'aa, imekunjamana mpaka chini ya kola. Sikugeuza uso. Hiyo ni kazi yangu na niliiangalia.

"Mwanangu," alisema mzee, "kila mmoja ameumia. Tumekuja tuyamalize nyumbani. Ile kesi muifute, urudi kwako."

Petro aliinamisha kichwa. "Sikujua," alisema.

"Hukuuliza."

"Niliuliza."

"Uliuliza ni ya nani. Hukuuliza naumwa nini."

Petro alivuta kola juu ya shingo. Kisha akasema, "Na wewe ungesema."

Hilo lilinipata. Ni kweli ningesema. Kama ningemeza kidonge mbele ya Sabina siku ya kwanza, pengine leo shingo yake ingekuwa nzima na mbavu zangu pia. Nililibeba. Halafu nikamwambia lililokuwa limebaki: siri yangu ilinitapisha mimi mwenyewe, haikumzungukia mtu upande wa pili ili ilipate tumbo lake.

Nikamwambia pia kwamba ningemuua. Nilitaka alisikie kutoka kwangu, si kwa Sabina. Kwamba maelezo yangu polisi yameandikwa hivyo hivyo, aliyofanya yeye na niliyofanya mimi, na sitafuta hata mstari. Mzee aliitazama kofia yake.

"Basi sirudi kukubembeleza," alisema Petro, akasimama. Sauti ilikuwa ya chini na nikadhani labda amebadilika. Lakini alipofika nje alilipiga teke geti la dada yangu, teke moja la nguvu, mpaka komeo likapinda. Geti lisilomkosea kitu. Mzee alilirudisha taratibu kwa mkono, akaniomba radhi, akamfuata.

Nimekaa hapa tangu saa hiyo. Nimelia kidogo. Nilimpenda yule mtu, na sehemu yangu moja ilikuwa inasubiri aseme neno moja tu zuri nianze kufunga nguo zangu. Nalishukuru geti.

Sabina amenitumia ujumbe. Anasema kesho Petro hatakuwepo nyumbani, na funguo anazo yeye. Hajaandika samahani, ila ameandika "wifi". Nimemjibu tutakuja asubuhi, mimi na Koku, na tutampitia mwenyekiti wa mtaa ili awepo shahidi. Nachukua cherehani yangu. Kuna mwanamke wa hapa Butimba ameshaniletea kitambaa cha kitenge na hajui hata kama nina kitu cha kushonea.

Naogopa kuingia chumba kile.

Nitakwenda nikiwa nimekula.