Nyekundu Iliyobaki Kwenye Kipulizia

Mwanangu,

Lile tangi la pikipiki lipige msasa, ulirudie rangi nyeupe. Kwanza safisha kipulizia rangi: tia tina ya kuyeyushia rangi kwenye kikombe chake, pulizia kitambaani mpaka itoke safi. Sindano yake ya ndani ifute taratibu, isipinde.

~~Na ukirudia uzembe wa leo~~

Asubuhi nyeupe ilipotoka pinki, nilikufokea kwamba umeacha nyekundu ndani. Hukuiacha wewe. Niliamka mapema kuongeza rangi kwenye midomo ya marehemu mama yako katika ile picha niliyomchora sebuleni, maana inapauka. Nikasikia unakuja, nikakirudisha kipulizia bila kukisafisha. Kisha nikaona haya kusema.

Chai iko kwenye chupa. Nimepanga vikombe vitatu tena, mazoea yana taabu. Kimoja kirudishe kabatini, mimi nimeshindwa.

Baba