Liwa Iliyopasuka kwenye Kompyuta ya Baba

Madurai

Kaka Ilango,

Mama hajambo, ila goti. Kompyuta ya baba, ile unayoiita mkebe wa kutu, bado inawaka. Juzi iligoma, nikasugua memori kwa kifutio cha penseli, ikaamka.

Siku ya Ayudha Puja vifaa vyote vya kazi hupumzika, hata bisibisi haiguswi. Kompyuta niliipaka liwa ya msandali kwenye maungio ya kasha, kama baba alivyozoea. Kesho yake asubuhi, ulipokwisha kwenda uwanja wa ndege, nilikuta liwa imepasuka. Nikafungua kasha. Diski moja haimo.

Nilipokupigia simu ulisema, "Kuzhali, nani aibe takataka?"

Wewe, kaka. Wosia wa baba ulionipa nyumba hii ulipotelea mikononi mwako, ikabaki picha ya wosia huo kwenye kompyuta. Hiyo ndiyo uliyoifuata. Lakini hujawahi kuisafisha mashine hii hata siku moja, ndiyo maana hukujua kwamba ina diski mbili. Uliyochukua ilikufa mwaka juzi. Mimi nilikuwa mvivu tu wa kuichomoa.

Nakala ya wosia imo humu kwenye bahasha. Sikukuu ijayo tafuta hoteli.

Mdogo wako, mwenye nyumba,
Kuzhali