Chumvi Imekwisha

Mama,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, kifua kimelegea na mguu haukusumbui unapopanda ngazi. Mimi ni mzima, ukiacha jino moja la mbele na vidole viwili vya mkono wa kushoto ambavyo bado vimefungwa pamoja kama mateka. Ndiyo maana mwandiko umelala upande. Karatasi naikandamiza kwa kiwiko. Mdogo wangu Tonge yupo hapa karibu, anashona foronya. Hajanituma salamu, nami sitamtungia.

Barua yako niliipata. Unasema mkwe wako, mkandarasi, ameanguka kazini kutoka juu ya paa, sasa anatembelea magongo, na huzuni imemlainisha. Watu wake wanakuja kwako, kumi, Jumapili ya mwisho wa mwezi, ili yaishe. Unataka Tonge awepo, amevaa vizuri, apakue chakula kwa mkono wake mwenyewe, kisha aondoke nao. Halafu ukaniuliza, kwa kuwa mimi ndiye bahili wa ukoo (neno lako, nami nimelipokea kama cheo), wageni kumi wanalishwaje na mfuko uliotoboka, na wanakaa wapi kwenye sebule ya viti vinne. Umeuliza jambo ninalolijua, na nitalijibu. Nakuomba tu usiruke mistari.

Anza na supu, mama. Mtu aliyekunywa supu na kipande cha mkate hagombanii nyama. Mifupa utaipata kwa bei ya kutupa ukimwendea muuza nyama anapokaribia kufunga. Ichemshe tangu asubuhi kwa moto mdogo, na ukiipeleka mezani iwe ya kuchoma. Mtu anayepuliza hali haraka, na asiyekula haraka hushiba mapema. Nyama ikate vipande vidogo, vingi. Zile sahani zako kubwa zifungie kabatini, tumia za vitafunio, mgeni aone imejaa hadi ukingoni. Na upawa wa kupakulia usiuache mezani, ushike wewe. Kwa watu kumi wenzangu hununua kilo nne, mimi hununua mbili, na sijasikia mtu akinisema njiani. Kilo mbili zilizobaki ni sabuni na mafuta ya mwezi mzima.

Viti usiazime. Cha kuazima kikivunjika kinageuka chako. Panga makreti ya soda mawili mawili, ubao juu yake, blanketi ulilolikunja, kisha shuka safi ulivute likaze na ulibane kwa pini kwa chini. Ukilivuta vizuri, hakuna atakayefunua kuona amekalia nini.

Kuhusu nani akae wapi, hapo ndipo kwenye ufundi wenyewe. Nilianza kazi hii ya makochi kwa kuokota vipande vya sponji nje ya kiwanda cha magodoro, wewe ukiniambia naokota takataka na nitakufa sijaolewa. Sikuolewa, lakini leo nina chumba cha mbele chenye meza ya kukatia na cherehani mbili, na jiko nyuma ya pazia, na kodi nalipa kabla sijadaiwa. Nilichojifunza ni kwamba kiti ndicho kinachomwendesha mgeni. Unayetaka aondoke mapema mpe kigumu, karibu na mlango. Unayetaka akae, mpe kinachozama.

Mimi nina kochi moja la kahawia, mteja alilitelekeza. Mikanda ya chini imelegea na springi za katikati zimekufa. Ukilikalia, makalio yanashuka, magoti yanapanda usawa wa kidevu, na kusimama mpaka ujirushe upande kwanza kama gunia linaloteremshwa. Ningeweza kulitengeneza kwa nusu siku. Nimeliacha hivyo makusudi, wateja wenye madeni nawakalisha humo, maana mtu hawezi kunifokea na kuondoka kwa kishindo wakati hawezi kuinuka. Tonge ndiye aliyelipa jina. Analiita Chatu.

Sasa nifike kwenye chumvi. Uliibuni wewe, lakini nakukumbusha. Wageni wakija ghafla na sufuria ni ndogo, ulikuwa unatabasamu, unawaambia karibuni, chakula tele, kisha unageuza shingo na kuuliza mbona chumvi imekwisha. Hapo mimi na Tonge tulitakiwa kuweka vijiko chini na kusema tumeshiba. Tonge alikuwa anasahau. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye bakuli, na wewe chini ya meza ulikuwa unamfinya paja huku juu ya meza unamsifu mgeni kwa shati lake. Jina la Tonge alilipatia hapo. Na chumvi ilikwisha siku nyingine pia, wakati sufuria imejaa. Mgeni akikuuliza jicho limepatwa na nini, ulisema umeanguka. Akiuliza tena ulianguka wapi, chumvi ilikwisha, na sisi tulijua ni wakati wa kusema tumeshiba na kutoka nje, kabla mmoja wetu hajasema neno mbele ya baba.

Tonge alipofika kwangu, miezi miwili iliyopita, alikuwa na gauni alilovaa na kitambaa alichojifunga kidevuni. Mkandarasi alikuwa amemvunja taya kwa kiwiko kwa sababu wageni wake walikuja na chai ilikuwa ya baridi. Daktari alifunga meno ya juu na ya chini kwa waya. Kwa wiki sita, mtoto aliyeitwa Tonge alikula kwa mrija. Nilimchujia supu kwenye kitambaa cha pazia. Usiku alikuwa akilia bila kufungua mdomo, na sauti ya kilio cha aina hiyo sikutakii uisikie, ingawa nadhani unaijua.

Nilimweleza mtu mmoja tu tunapokaa. Nilikuandikia mtaa, rangi ya mlango, na kwamba kuna mlango wa nyuma unaotokea kwenye matangi ya maji. Nilikuandikia pia, ili ucheke, kwamba mimi na Tonge tumefufua mambo ya utotoni: mumewe akitokea, nitasema chumvi imekwisha, naye atoke kwa nyuma.

Alikuja Jumamosi moja, jua limeshapanda. Nilikuwa napiga misumari kwenye mgongo wa kiti, Tonge yuko jikoni na supu yake ya mifupa. Alibisha kistaarabu. Alikuwa amenyoa, amechomekea, mkononi ana mfuko wa sukari na mkate. Akaniamkia vizuri, akaniita dada, akasema amepita tu kunijulia hali. Nilimkaribisha. Nilimpokea mfuko kwa mikono miwili, nikamwambia aketi, nikamwonyesha Chatu. Akaketi, akazama, akacheka, akasema fundi wa makochi analala njaa na kochi lake mwenyewe ni bovu. Nikacheka naye. Kisha nikapaza sauti kuelekea kwenye pazia, nikasema jamani, mgeni amekuja na chumvi imekwisha.

Hakukunja uso. Alitazama pazia, akasema taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto, “Chumvi ipo, shemeji. Mwambie arudi mezani.”

Nilisikia Tonge akivuta mlango wa nyuma. Akauvuta tena. Haukufunguka. Kabla ya kubisha kwa mbele mumewe alikuwa amezunguka kwenye matangi na kuufunga komeo kwa waya ule wanaofungia nondo, kwa koleo, mizunguko mingi, kazi safi ya mkandarasi.

Nilikimbilia jikoni. Alinidaka mguu akiwa bado ndani ya kochi. Nilianguka kifudifudi, mdomo ukapiga chuma cha cherehani, na jino likabaki sakafuni. Akajirusha upande, akasimama, akakanyaga mkono wangu wa kushoto akipita. Hakunikanyaga kwa bahati mbaya. Alisimama juu yake akazungusha kisigino, kama mtu anayezima sigara, akaniambia nimezoea kuwafundisha wake za watu. Nikasikia vidole vikilia kama vijiti vya kuwashia moto. Pazia alilichana lote, na fimbo yake ikadondoka. Akamshika Tonge shingoni kwa mkono mmoja, kwa mwingine akambana kidevu palepale penye waya, akamtikisa, akamuuliza kama anasikia anavyoitwa na mumewe. Damu ilitoka katikati ya meno yaliyofungwa. Hakuweza kupiga kelele, mama. Mdomo ulikuwa umefungwa na daktari, mlango umefungwa na mumewe.

Tonge alinyoosha mkono nyuma yake, akashika sufuria kwa mpini, akammwagia supu yote kifuani.

Nilikuambia iwe ya kuchoma. Alimwachia, akapiga yowe, akarudi kinyumenyume akijivua shati na ngozi ikija nalo, mpaka ukingo wa kochi ukampiga nyuma ya miguu. Akaanguka ndani ya Chatu. Akajaribu kusimama, akazama. Akajaribu tena. Magoti yake yalikuwa juu, usawa wa kidevu, yameelekezwa kwangu kama niliyawekea oda.

Nyundo yangu ya misumari ni ndogo, lakini naipiga kutwa nzima na sijawahi kukosa. Nilipiga goti la kulia. Lilitoa mlio wa bakuli linalopasuka ndani ya beseni la maji. Kisha nikapiga la kushoto.

Watu wa karakana ya jirani ndio waliomtoa kwenye kochi, wanne, na kumpakia kwenye toroli. Nilikaa mlangoni na mkono wangu ndani ya taulo nikisubiri askari. Nilikuwa nimeshajiandaa na maelezo. Askari hawakuja. Nikapata habari kwamba hospitali aliwaambia ameanguka kutoka juu ya paa. Mtu mwenye vibarua thelathini anaowaamrisha hawezi kusema amevunjwa na mwanamke mwenye nyundo ya makochi. Kwa hiyo ameanguka, mama. Ameanguka vilevile ulivyokuwa ukianguka wewe.

Sasa hili la mwisho, ambalo nilitaka nilikuandikie tangu mstari wa kwanza nikaanza kukueleza habari za mifupa.

Mtaa angeweza kuulizia. Rangi ya mlango angeweza kubahatisha. Chumvi hakuna aliyeijua duniani ila watu watatu. Ulimpa kila kitu, hata neno la kutorokea. Na najua bei yake: mabati ishirini na mawili, mbao, misumari, na ufundi wa siku tatu. Aliezeka nyumba yako, nawe ukaona unadaiwa. Nimeipiga hesabu hiyo mara nyingi kitandani, mkono ukiuma, na kila nikigawa, Tonge anatoka kwa bei ya chini kuliko kochi. Na katika barua yako ya kurasa mbili umeandika juu ya wageni, viti, sahani, magongo ya mkwe wako. Hukuuliza kama huyo mkwe alifika kwangu. Hukuuliza taya ya Tonge.

Nami nina langu la kukiri. Pigo la kwanza lilikuwa la kumwokoa mdogo wangu, na nitalirudia mbele ya hakimu yeyote. Lakini baada ya lile la kwanza alikuwa amekwisha. Aliinua mikono miwili, analia, ananiambia dada, basi, yametosha, naondoka. Nilimsikia vizuri. Tonge alinishika gauni kwa nyuma anizuie. Nikainua nyundo tena, na nilipoinua, sikumwona yeye pale ndani ya kochi. Nilikuona wewe, umekaa umetabasamu, mkono uko chini ya meza. Goti la kushoto halikuwa lake, mama. Lilikuwa lako. Nilipiga kwa nguvu kuliko la kwanza, na sijaota vibaya hata usiku mmoja. Hilo ndilo linalonitisha, na ndiyo sababu ni afadhali tusionane.

Kwa hiyo Tonge hatakuja hiyo Jumapili, wala mimi. Wageni wako walishe kama nilivyokuelekeza, gharama haitakushinda. Barua hii itakapokufikia tutakuwa tumeshahama. Mlango mpya sina haja ya kukutajia rangi yake. Chatu tunamwacha, na Tonge amelia kidogo kwa ajili yake.

Waya ulitolewa wiki iliyopita. Jana nilipika wali na nyama, vipande vikubwa, nikaweka upawa katikati ya meza na nikauacha hapo. Tonge alikula polepole, upande mmoja, akanitazama, akanyoosha mkono kwenye bakuli mara ya pili, kisha akausimamisha hewani, anasubiri kufinywa. Nikamwambia ajipakulie. Akajipakulia mpaka ya tatu.

Nisalimie jirani yako wa upande wa kulia, na mwambie kitambaa chake cha viti ningekitengeneza kwa bei ya nyumbani kama ningekuwa napita huko. Wewe jitunze, kunywa dawa kwa wakati, na mvua ikinyesha sikiliza inavyopiga juu ya hayo mabati.

Usituletee chochote, wala usitualike. Sisi tumeshiba.

Ni mimi binti yako mkubwa,
Fundi