Tata, Watu Wako wa Nyota

Tata, baba yangu mpendwa,

Leo nimeosha brashi zako, zile ulizozipunguza kwa wembe hadi zikabaki na nywele tano sita, nikakuona tena umekaa dirishani, umevaa miwani juu ya miwani.

Ulikuwa fundi mekanika, umezoea boliti kubwa kuliko ngumi yangu. Lakini Jumapili, baada ya misa, ulifinyanga watu wenye urefu wa kidole changu cha mwisho. Mifupa yao ilikuwa waya wa shaba, nyama yao mastiki ya kuzibia mabomba, na ulikuwa ukiwasimamisha juu ya vifuniko vya soda. Wengine walikuwa askari wa nyota wenye kofia za kioo. Wengine majoka ya vichwa viwili, na magamba yao tuliyapaka unga wa jiwe la kijani tulilolisaga pamoja. Kisha tuliwapanga mezani vita ianze, tukarusha dadu, ukawa unashindwa makusudi.

Mimi nilikuwa na haraka ya kupaka macho. “Macho ni mu mwisho, mama,” uliniambia, kama ulivyozoea kuniita. “Ukimupa macho mbele, atakuangalia vile unamuharibu, utatetemeka.”

Mmoja wa watu wako wadogo alikuwa na taa kichwani kama wachimbaji wa migodi. Jirani yetu Mama Héritier alimwona siku aliyokuja kuomba chumvi. Wiki haikuisha, shimo likamwangukia mwanawe Héritier akichimba kule kwenye mgodi wa Mutoshi. Baada ya maziko alisimama mlangoni petu, watu wa maombi nyuma yake.

“Mulozi!” alikulilia, akikuita mchawi. “Ulifunga mutoto wangu mu sanamu!”

Mmoja wao akanigeukia. “Na weye, unasaidiaka tata yako?”

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Unga wa kijani ulikuwa bado chini ya kucha zangu.

“Hapana,” nikasema. “Mi siko mu ile mambo. Ni ya yeye peke yake.”

Ulinisikia, tata. Hukugeuka hata kunitazama.

Kesho yake asubuhi ulibeba meza ukaiweka barabarani, ukafinyanga mbele ya kila mtu. Siku ya kwanza walikurushia mawe. Uliokota joka lililovunjika, ukaanza upya. “Bulozi banafanyaka mu kificho,” ukawaambia. “Mi niko hapa pa jua. Mukuye, muguse.” Siku ya nne, mama anayeuza mikate kwenye kona alivuta kiti, akataka umfanye nahodha wa chombo cha angani. Ulimfinyanga na kofia ya kioo na karai lake la mikate kiunoni. Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mama Héritier hakutoka kwake. Mimi pia sikutoka. Nilikutazama kwa upenyo wa pazia.

Sikukuomba msamaha. Ulipolazwa hospitali nilianza: “Tata, ile siku…” Ukanikatiza. “Uliogopa. Hata mi niliogopa. Lete chai.” Nilileta chai, nikajua umenisamehe, lakini neno lenyewe sikulitoa. Sasa nalitoa: nisamehe, tata.

Na kuna jambo hulijui. Miezi mitatu baada ya kukuzika, Mama Héritier alibisha hodi. Alikuwa amekonda. Alinipa foto ya mwanawe, ndogo, iliyofifia pembeni.

“Nilisema mabaya juu ya tata yako,” alisema. “Yeye ameenda, njo maana nakuja kwako. Unifanyie mutoto wangu. Kama bale ba nyota. Simutaki mu shimo, umuweke juu.”

Nilihangaika naye wiki mbili. Nilimpa mabawa na deraya ya fedha, nikamsimamisha kwenye ncha ya jiwe. Mama Héritier alimgeuza mkononi kwa muda mrefu.

“Njo yeye,” alisema mwishoni, akikubali kuwa ndiye. “Lakini mutoto wangu alikuwa anachekaka.”

Nikarudi nyumbani, nikamkwangua mdomo kwa sindano, nikamfinyangia mwingine wenye meno. Jana nilimpeleka. Sebuleni kulikuwa na wageni, wawili kati yao wale wale wa maombi. Mama Héritier alimweka mwanawe juu ya kabati, kando ya redio, mahali kila anayeingia atamwona.

“Nani alitengeneza hii?” mmoja wa wageni akauliza.

Mama Héritier alinitazama, akaniachia mimi nijibu.

“Ni miye,” nikasema. “Tata njo alinifundisha. Tulikuwa tunafanya pamoja tangu niko mudogo.”

Hakuna aliyeondoka. Mgeni yule alisogea kabatini, akainama aone vizuri.

Lala salama, tata wangu.

Binti yako, mwanafunzi wako.