Nimebaki na Baiskeli ya Matairi Manene

Zahanati ya mlimani,
Juu ya Mkuyuni,
Morogoro.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mwakeye huko Kasulu? Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la wagonjwa, ukungu umeingia mpaka mlangoni na tangu asubuhi hajaja mtu hata mmoja. Goti lako linasemaje na mvua hizi? Maharage yameota vizuri, au yameoza tena kama msimu uliopita? Wifi aliniambia kwamba masikio yako yamezidi kuziba, na kwamba siku hizi nikipiga simu unaishika, unatabasamu kidogo, halafu unamrudishia. Mama, aliponiambia hivyo nilikwenda kukaa nyuma ya zahanati nikalia. Basi nimerudi kwenye karatasi. Macho yako bado yanasoma Biblia bila miwani, kwa hiyo unisome taratibu, hakuna anayekuharakisha.

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nina jambo la kukuambia, nalo si jepesi. Nikilianza moja kwa moja utasema nimekosa moyo, kwa hiyo niruhusu nianzie mbali.

Unajua tangu mwenzangu ahamishwe nimebaki nesi peke yangu. Napima, nachoma sindano, nazalisha, nafagia. Watu wa huku ni wema, lakini wakishakaa wenyewe wanaongea Kiluguru, nami nabaki nikitazama midomo yao. Wakicheka nacheka, ingawa sijui tumecheka nini. Jioni nikifunga mlango wa nyumba ya mtumishi, sauti ninayoisikia ni ya maji yanayoshuka mlimani na ya kijiko changu kwenye sahani.

Kazi yenyewe si ya kukaa hapa tu. Kuna kitongoji kiko kwenye mgongo wa mlima, mwendo wa saa tatu kwa mguu, na watoto wa kule wanahitaji chanjo kama wengine. Bodaboda kiangazi wanafika nusu ya njia. Mvua zikianza hawafiki popote, tope linawalaza chini pamoja na abiria. Nilikuwa nakwenda kwa miguu na boksi la chanjo begani, nikifika barafu imeshayeyuka na mimi mwenyewe nimeyeyuka.

Mwaka jana nikaitwa mjini kwenye semina. Siku ya mwisho nikaenda kwa fundi baiskeli mmoja kule Mazimbu, jirani na chuo, nikamwomba baiskeli ya kawaida, ile ya keria ndefu ambayo wanaume wa kwetu wanabebea mkaa. Akanitazama viatu vyangu, vilikuwa na udongo mwekundu.

"Unakaa mlimani, mama?"

"Juu ya Mkuyuni."

"Basi hiyo unayoitaka ni ya Dodoma, kwenye tambarare. Huko kwenu tairi jembamba linakata tope kama kisu, linazama, na wewe unazama nalo."

Akaingia ndani akatoka na baiskeli ambayo sijawahi kuona mfano wake. Mwanafunzi mmoja alikuwa amemaliza masomo akaiacha hapo iuzwe. Mama, matairi yake ni manene kama paja la mtoto mnono, yana meno makubwa. Nikacheka, nikamwambia hiyo ni pikipiki iliyonyang'anywa injini. Yeye hakucheka. Alitoa upepo kidogo, akalibonyeza tairi kwa kidole gumba likabonyea. Akasema, "Ukiingia kwenye tope punguza upepo namna hii. Tairi linatandaa, linakanyaga juu juu. Jiwe likija linalimeza, mgongo wako hausikii. Kwenye lami litakuchosha, sikudanganyi, linavuma kama lori na ni zito. Na tyubu yake huipati dukani hapa, mpaka uagize Dar. Lakini kwa mlima, hiyo ndiyo baiskeli." Nikamwambia anichomelee keria ya nondo. Jioni nilipanda nayo gari la mizigo kurudi, watu wote wakinitazama.

Kuendesha sikujua, na unajua miaka niliyo nayo. Aliyenifundisha ni Bi Mwajuma. Huyu ni jirani yangu, mjane wa umri wangu, ana migomba, pilipili manga na miti michache ya karafuu aliyoachiwa na mumewe. Yeye mwenyewe hajawahi kupanda baiskeli. Alinifundisha kwa kushika keria na kunifokea. Siku ya kwanza alipoiona alisimama na mkungu wake wa ndizi kichwani akasema, "Nesi, umeliiba gari la nani ukatoa matairi?" Kisha akautua mkungu, akanisukuma uwanja wa shule wote, mimi napiga kelele, yeye anapiga kelele zaidi, mpaka nikaangukia kwenye majani. Tulicheka mpaka machozi, na mara hiyo nilijua nacheka nini.

Tangu hapo akawa mtu wangu. Mwezi wa Ramadhani alikuwa ananiletea uji wa pilipili manga na magimbi ya nazi, mimi ambaye sijafunga. Nikimwambia hivyo anajibu, "Kwani njaa yako ni ya Kikristo?" Alikuwa akinieleza kwa Kiswahili yale wenzake waliyosema kwa Kiluguru, hata kama yalikuwa yananihusu mimi. Jumanne nilikuwa napanda kule kwenye kitongoji na baiskeli yangu, boksi la chanjo nimelifunga kwenye keria, saa moja na nusu nimefika na barafu bado ngumu. Penye magogo ya kuvukia naibeba begani. Nikirudi namkuta Bi Mwajuma kibarazani kwake, ananiuliza nani kazaa, nani kagombana. Mama, nilikuwa nimeanza kuzoea.

Ikaja mvua ya vuli, na karafuu zilikuwa hazijaisha kuchumwa. Ilikuwa asubuhi. Mlima ulikuwa umeporomoka ukaifunga barabara chini, wanaume wote wa kijiji wameteremka na majembe kwenda kuifungua. Nikasikia mwanamke anakuja mbio analia. Alikuwa Zaituni, wifi yake Bi Mwajuma.

"Nesi! Mwajuma kaanguka mkarafuuni! Mguu umevunjika, mfupa nauona!"

Nilimkuta amelala chini ya mti, karafuu zimemwagika zimemzunguka, midomo imekuwa ya kijivu. Mfupa wa muundi ulikuwa umetoka nje ya ngozi. Nikazuia damu, nikachoma sindano ya maumivu, nikaukaza mguu kwa mbao mbili na khanga. Kidonda cha namna ile, mama, kikikaa na udongo siku mbili mguu unaoza, na mtu anaondoka nao. Ilikuwa lazima afike hospitali ya mjini siku hiyo hiyo.

Huku mgonjwa anashushwa kwa machela, na machela inataka wanaume wanane wa kupokezana. Tulikuwa mimi, Zaituni na kina mama wawili. Tukatazamana. Zaituni ndiye aliyesema, "Na hilo lidude lako?"

Tukakata mwanzi, tukaufunga kwa kamba toka kwenye keria mpaka kwenye usukani ili mguu unyooke juu yake. Kwenye keria tukatandika godoro la kitanda cha zahanati lililokunjwa, tukamkalisha, tukamfunga kiuno kwa khanga mbili kwenye kiti. Nikapunguza upepo wa matairi. Mimi nikashika usukani na breki, Zaituni akamkumbatia kwa nyuma, wale wawili wakashika ubavuni huku na huku. Ndivyo tulivyoanza kuteremka.

Sijui nikueleze vipi njia ile. Mizizi, mawe, tope la kuteleza kama mlenda. Tairi likifika kwenye mzizi linabonyea, linapanda, linashuka, naye anaguna tu. Ingekuwa tairi jembamba kila mzizi ungekuwa kisu kwenye mguu wake. Njia nzima nilikuwa naongea naye asilale.

"Mwajuma, niambie, nikushushe polepole au haraka?"

"Wewe hujui hata polepole," akasema. "Mimi ndiye niliyekufundisha, nakujua."

Mtoni hatukuweza kumpitisha juu ya magogo ya kuvukia. Tukaingia majini. Kuna mchanga pale, mtu unazama mpaka kwenye enka, lakini matairi yalipita juu ya mchanga bila kuzama. Katikati ya mto maji yakanipiga kiunoni nikateleza, breki ikanitoka mkononi, baiskeli ikainama. Bi Mwajuma akapiga ukelele ambao bado nausikia. Yule mama wa kushoto, ambaye hajawahi hata kunisalimia vizuri, aliweka bega lake chini ya mwanzi akaizuia kwa mwili wake mpaka nikasimama. Tulipotoka mtoni wote wanne tulikuwa tunatetemeka, na Bi Mwajuma alikuwa amenyamaza.

"Mwajuma!"

Kimya.

"Mwajuma, nisemeshe!"

"Nesi," akasema kwa sauti ndogo, "usiniache nife njiani kama mzigo wa ndizi."

"Hufi. Mimi nitaongea na nani?"

Hilo ndilo jibu lililonitoka, mama. Sikumwambia habari ya Mungu wala ya dawa, nilijisemea mimi.

Mchana tukafika kwenye maporomoko ya udongo. Wanaume walipotuona wakatupa majembe, wakambeba wakavuka naye juu ya kifusi, upande wa pili kulikuwa na gari. Nikaenda naye mpaka Morogoro mjini. Akapasuliwa usiku huo huo, mguu ukapona. Umekuwa mfupi kidogo kuliko mwenzake, lakini ni wake.

Ungedhani habari inaishia kwa furaha. Niliporudi kijijini watu walinisimamisha kila hatua, watoto wakaishika baiskeli kama ng'ombe wa maonyesho. Nami nilikuwa nahesabu siku Bi Mwajuma arudi kibarazani kwake. Hakurudi. Mwanawe mkubwa analima mpunga kule Dakawa, akamchukua toka hospitalini moja kwa moja. Akasema mama yake hawezi tena kupanda mlima kwa mguu ule. Alisema kweli. Mikarafuu wamempa Zaituni aitunze, na nyumba ina kufuli.

Niliyemwokoa, mama, ndiye niliyempoteza. Najua ni dhambi kusema hivyo kuhusu mtu aliyepona.

Wiki hizo hizo ndipo ikaja barua kutoka wilayani. Lile ombi langu la kuhamia Kasulu, lile uliloniombea kanisani mwaka mzima, limekubaliwa. Nilikaa nayo mkononi. Nilijiona niko jikoni kwako natwanga kisamvu. Nikauliza kwa simu nani anakuja mahali pangu. Wakasema hajapatikana, zahanati itafungwa kwa muda, watu watashuka Mkuyuni. Kwa muda gani? Hawajui.

Sikulala vizuri siku kadhaa. Jumamosi nikapakia baiskeli kwenye basi nikaenda Dakawa kumwona Bi Mwajuma. Kule ni tambarare tupu, mama, maji yamenyooka kwenye mifereji na mpunga mpaka jicho linachoka. Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni, amenenepa kidogo, magongo yameegemea ukuta. Alilishika tairi kabla hajanishika mimi.

"Mkwe wangu hanipi hata kazi ya kuchambua mchele," akasema. "Ananipenda. Naogopa nitakufa kwa kupendwa."

Nikamkalisha kwenye keria, nikamsukuma juu ya tuta la mfereji, taratibu, mbali kidogo na nyumba. Nikamwambia habari ya barua.

"Mama yako yu hai?"

"Yu hai. Masikio tu."

"Nenda basi," akasema. "Mimi ningekuwa yeye ningekuita kila siku." Kisha tulipogeuza kurudi akasema bila kunitazama, "Lakini wale wa kule juu, Jumanne watakuwa wanasimama njiani wanakungoja."

Jambo lenyewe ndilo hili, mama. Nimewajibu wilayani kwamba nitabaki mpaka apatikane wa kunipokea. Wamesema pengine mwaka, pengine zaidi. Sikukuomba ushauri kwa sababu nilijua ukisema neno moja tu ningefunga mizigo. Sikukaa kwa kuwa mimi ni mwema. Nimekaa kwa kuwa naijua ile njia, na kwa sasa hakuna mwingine mwenye kitu cha kuipita. Furaha sikuipata baada ya kuamua. Jana nilipita mbele ya ile nyumba yenye kufuli nikateremka, nikaisukuma baiskeli kwa miguu mpaka nimeipita, kama mtu anayepita msibani.

Likizo yangu nitakuja, nikae kwako mwezi mzima, tuongee kwa ishara kama hapana budi.

Nisalimie kaka, na umwambie paa la jiko alitazame kabla ya masika. Wifi, msalimie sana, ndiye masikio yako na ndiye masikio yangu. Shangazi aliyenilea nilipokuwa shule, mpe shikamoo yangu na mwambie kitenge chake nimekipata. Majirani zetu wa upande wa kisimani pia, na mwalimu wa kwaya.

Najua utasononeka ukifika hapa kwenye barua. Sononeka, mama, una haki. Ila usininyamazie. Chukua kalamu uninunie kwa maandishi, hata mistari miwili, unigombeze kwa mwandiko wako ule wa kulala upande. Nitauweka pale ninapokula.

Mimi binti yako niliye mbali,
Devota